Kibao Namba Saba

Sura ya Sita

Ujia wa klabu ulikuwa mwembamba, na kwenye ukuta wake wa kushoto vilining'inia vibao tisa vya mbao, kila kimoja na msumari wake, kila kimoja kipana kama kiganja. Upande mmoja vimepakwa rangi nyekundu, wa pili nyeupe, na namba imeandikwa pande zote mbili. Tangu Jumamosi jioni hakuna aliyevigusa, kwa sababu Inspekta mwenyewe ndiye aliyefunga utepe wa polisi toka mlango hadi mlango. Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, na alikuwa amesimama mbele ya vibao hivyo muda mrefu kiasi kwamba koplo wake alikuwa ameshaegemea mlango, akajiona hana adabu, akasimama wima, kisha akaegemea tena.

"Kama una haraka, kanywe chai," Inspekta alimwambia bila kugeuka.

"Haraka sina, afande. Miguu ndiyo inayo."

Haraka walikuwa nayo wote wawili, ila hakuna aliyetaka kuitaja. Dereva wa boti ya uokoaji alikuwa ndani, na kesho saa tatu asubuhi angesimamishwa mahakamani. Mkubwa wao wa kituo alishaliona jambo hili limekwisha: mashindano ya matanga yalifanyika, mtu mmoja hakurudi, boti ya uokoaji ikafungwa gatini kabla ya wakati, mtu akafa ziwani. Dereva alikuwa ameonekana akipita kwenye ujia huu saa kumi. Basi ni yeye aliyegeuza kibao cha marehemu ili awahi kwenda nyumbani. Mtu wa alama za vidole alikuwa ameahidiwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa mbali mno.

Katibu wa klabu, mzee aliyefunga miwani yake kwa kamba ya viatu, aliitwa aeleze tena. Alieleza polepole, kama mtu anayewasomea watoto imla. Anayeingia majini anageuza kibao chake kionyeshe wekundu. Anayetoka anakigeuza kionyeshe weupe. Kila mtu chake, na hakuna kumgeuzia mwenzako, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Anayesahau anafutwa kwenye matokeo, hata kama amefika wa kwanza. Katibu akiona vibao vyote tisa vyeupe, anapandisha bendera nyeupe kwenye mlingoti wa dirishani, na dereva akiiona bendera anarudi.

"Jumamosi ulipandisha saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini. Vyote vilikuwa vyeupe. Nilivihesabu mara mbili, mama, naweza kula kiapo."

"Na marehemu? Aliwahi kusahau chake?"

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwezi uliopita, alisema. Marehemu, ambaye klabu nzima ilimwita Fundi kwa sababu ndiye aliyeziunda karibu mashua zao zote, alifika wa kwanza, akaanza kupiga soga na watu gatini, akasahau kibao. Katibu akamfuta. Fundi hakumsemesha wiki nzima. Lakini ugomvi wenyewe ulikwisha, Inspekta aulize mtu yeyote.

Inspekta aliinama tena. Vibao vinane vilikuwa na uchafu wa aina moja, tope jembamba la ziwa lililokauka pembeni, pale vidole vilipovishika. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, maana wenyewe walitoka majini mikono imelowa. Kibao namba saba kilikuwa kikavu na safi. Pembeni mwake, kwenye ule weupe, palikuwa na doa moja linalong'aa, dogo kama ukucha wa dole gumba. Aliligusa kwa ncha ya kalamu. Likakwaruzika kidogo, kama sabuni.

"Nta," alisema.

Koplo alimtazama Katibu. Katibu akasema upesi kwamba ndiyo, anawasha mishumaa ofisini umeme ukikatika, nani hawashi? Koplo alikuwa ameshatoa daftari. Inspekta akauliza tu kama Jumamosi umeme ulikatika, Katibu akajibu kwamba haukukatika, na koplo akarudisha daftari mfukoni kwa masikitiko.

"Koplo, dereva alikuja huku saa kumi kufanya nini?"

"Kuchukua mafuta, afande. Stoo iko mwisho wa ujia. Alibeba dumu mikono miwili, Katibu mwenyewe alimwona."

"Nusa kibao."

Koplo akanusa. Akanusa tena, akatikisa kichwa. Hakikunuka petroli. Aliyekigeuza alikuwa na mikono mikavu na hakutoka majini, na mikono hiyo haikuwa imeshika dumu la mafuta. Inspekta aliandika hayo kwa herufi kubwa. Bado hayakuwa ya kumtoa mtu ndani.

Kabla ya kuondoka aliomba daftari la upepo. Katibu alikuwa mtu wa utaratibu, na kila robo saa alikuwa ameandika mstari mmoja. Saa saba, mwanzo wa mashindano, upepo mkali kutoka milimani. Saa nane na nusu, upepo wa kupasua, mashua mbili zimepinduka penye boya la kwanza, dereva amekwenda kuwaopoa. Saa tisa kasorobo, upepo umekata. Saa tisa, shwari. Saa tisa na robo, shwari, mashua zinaelea tu. Saa tisa na nusu, upepo mwembamba kutoka upande wa kiwanda, yaani umegeuka kabisa. Saa kumi kasoro dakika kumi, mashua ya kwanza imemaliza.

Mwenye mashua hiyo ya kwanza alikuwa mdogo wake marehemu. Kwa miaka sita alikuwa akimaliza nyuma ya kaka yake, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na mama yake, wakawa wanamwita Wapili. Walimwita hivyo gatini na dukani, na inasemekana hata siku ya harusi yake mpambe alijikwaa akalitaja jina hilohilo. Jumamosi alikuwa wa kwanza. Leo hakuna aliyejua amwiteje.

Walimkuta ufukweni akiosha mashua ambayo tayari ilikuwa safi. Inspekta alimpa pole, naye akajibu kwamba amekwishapoa, kama watu wanavyojibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliendelea kumwaga maji kwa kopo huku akijibu.

Alisema yaleyale aliyosema Jumamosi. Upepo ulipokata, yeye na kaka walijikuta karibu karibu, ng'ambo ya boya la mwisho, wakielea kama makopo. Walizungumza. Kaka aliomba maji ya kunywa, akamrushia chupa. Upepo uliporudi yeye akaupata mwanzo, akamwacha. Hakumwona tena.

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa tisa na kitu. Shwari ilikuwa imekolea."

"Tanga lako wakati huo lilikuwaje?"

"Lote juu." Alimtazama kwa mshangao wa mtu anayejua kazi yake. "Mwanzo tulikuwa tumeyakunja nusu na kuyafunga kwa kamba, sote, upepo ulikuwa wa kutuua. Ulipokata tukafungua. Upepo hakuna, utalikunja la nini?"

"Na la kaka yako?"

Kopo lilisimama hewani kidogo tu.

"Na lake pia. Lote juu."

Inspekta alimshukuru, akafunga daftari. Njiani kuelekea kwenye gari koplo alishindwa kuvumilia.

"Nimeandika mwenyewe orodha ya vitu, afande. Tanga moja, limekunjwa, kamba tatu zimefungwa."

"Najua. Ndiyo maana nimemuuliza."

"Labda waliomwopoa ndio waliofunga."

"Labda. Lete tanga."

Chumba cha kushonea matanga kilikuwa nyuma ya banda la mashua. Kutoka pale dirisha halikuonyesha ziwa, wala gati, bali ukuta na bomba la maji. Mke wa Fundi alifanya kazi humo tangu kabla hajaolewa. Watu walikuwa wamemsihi akae nyumbani, naye alikaa Jumapili moja, kisha Jumatatu akatoka na ufunguo wake. Walipoingia alikuwa anashona tanga la mtu mwingine lililopasuka kwenye ule upepo wa saa nane na nusu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na sindano yake ilikwenda bila yeye kuitazama.

Inspekta hakukaa mpaka alipokaribishwa. Alisema amekuja kuomba msaada wa kazi, na kwamba akikataa hatamlaumu. Kisha koplo akalilaza lile tanga juu ya meza ndefu, kamba zake zikiwa bado zimefungwa, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Mjane alilitazama. Alilishona mwenyewe, mishono ilikuwa ya kwake. Akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Niulize," alisema.

"Hizi kamba tatu. Ni mkono wa nani?"

Alipitisha kidole kwenye fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akasema ni mkono wa mume wake, maana yeye alitumia mkono wa kushoto na mafundo yake yalilala upande usio wa watu wengine. Vijana walimcheka kwa hilo. Tena kamba hizi, alisema, hazijafunguliwa tangu zilipolowa. Zimevimba zikiwa zimefungwa, na zimekauka hivyohivyo. Kama angezifungua na kuzifunga upya, fundo lingekaa pembeni ya alama ya zamani. Aonyeshe? Alionyesha.

"Kuna sababu yoyote ya mtu kuliacha tanga limekunjwa wakati wa shwari?"

"Hakuna."

"Hata kwa kuchoka? Kwa uvivu?"

"Mama, huyu mtu kulala alilala na mchoro wa mashua. Upepo ukikata, cha kwanza mkono unakwenda kwenye kamba. Ni kama wewe kufumba jicho vumbi likija. Hakuiona hiyo shwari."

Inspekta alililinganisha neno hilo na daftari la upepo. Basi Fundi alipinduka kabla ya saa tisa kasorobo, katika ule upepo wa kupasua, nyuma ya matete mashua yake ilikokutwa, mahali ambapo dereva, aliyekuwa boya la kwanza akiwaopoa wengine wawili, asingeweza kumwona. Na aliyesema amemrushia chupa ya maji saa tisa na kitu alikuwa amesema uongo.

Mjane alikuwa amerudi kwenye sindano, labda kwa kuwa mikono ilitaka pa kwenda. Alikata uzi mpya, akauvuta juu ya bonge la nta la rangi ya asali lililokuwa pembeni ya meza, akiubana kwa dole gumba ili uteleze kwenye kitambaa. Mara moja, mara mbili. Dole gumba lake liling'aa.

Inspekta aliliona. Koplo naye aliliona, akafungua mdomo, na Inspekta akamwinulia kidole kimoja tu. Koplo akaufumba.

Palikuwa na njia nyingi za kuuliza, naye akachagua fupi kuliko zote.

"Ulikigeuza saa ngapi?"

Sindano ilisimama. Nje mtu alifungua bomba, maji yakapiga ndoo, yakafungwa.

"Saa kumi na dakika tano. Labda saba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize. Toka Jumamosi. Nikisema nitafungua mdomo mwenyewe, unagoma."

Alieleza bila kulia. Tangu siku ile mwezi uliopita mume wake alipofutwa kwa kusahau, yeye ndiye aliyekuwa akimgeuzia. Hakumwambia mtu, hata mwenyewe hakumwambia. Mwanaume akijivuna kwamba siku hizi hasahau, yeye alicheka moyoni. Alikuwa akisubiri asikie amefika, kisha anajifanya anakwenda kunawa, anapita ujia, anageuza, anarudi. Jumamosi alikuwa amezidiwa na kazi, matanga mawili yamepasuka na wenyewe wanayataka kesho yake. Hakwenda gatini kutazama. Aliuliza tu.

"Ulimuuliza nani?"

"Shemeji. Alipita hapo mlangoni, amelowa. Nikamwambia, hongera baba, leo umetuweza. Kaka yako yuko wapi? Akasema," na hapo ndipo sauti ilipobadilika, "akasema, yuko nyuma yangu, shemeji. Ameshafunga mashua, anapiga soga kama kawaida yake. Kama kawaida yake. Nikamwamini kwa hilo neno."

Koplo aliandika.

"Dereva wa watu wamemshika kwa kuzembea, nimesikia," mjane alisema. "Alizembea nini?"

"Anashtakiwa kugeuza kibao. Kesho saa tatu."

Mwanamke alimtazama kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemdhania. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Tulidhani tunakupumzisha," Inspekta alisema. "Tulikosea. Nilikosea mimi. Nilizungumza na kila mtu aliyetoka majini, nikakuacha wewe."

Alisogeza karatasi ya maelezo, na mjane akaisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, kisha akatia sahihi. Aliirudisha lakini hakuiachia.

"Daktari ameandika. Najua ameandika. Bendera ilipopanda, alikuwa hai?"

Karatasi ya daktari ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Inspekta. Ilisema jeraha la kichwa halikutosha kuua. Ilisema jaketi la kuelea lilimshikilia, na mkono mmoja ulikuwa umejizungushia kamba. Ilisema kifo hakikuwa kabla ya saa kumi na nusu. Angeweza kusema hajui, na koplo asingemsuta.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa hai."

Mjane aliachia karatasi. Akaichukua sindano, akaitazama, akaichomeka kwenye kitambaa mahali pasipo mshono.

Wapili hakuwa amekimbia. Alikuwa amekaa juu ya mashua yake iliyopinduliwa mchangani, kopo miguuni. Koplo aliliweka tanga mbele yake likiwa limekunjwa ili zile kamba tatu zikae juu, na yule mtu akazitazama muda mrefu. Alijua upesi kuliko walivyojua wao.

Alisema alikuwa nyuma ya kaka yake mita hamsini upepo ulipompindua kaka. Alipita karibu, karibu kiasi cha kumwona usoni. Kupinduka ni jambo la kila wiki, alisema, mtu anapinduka, anasimamisha mashua, anaendelea. Na boti ya uokoaji si ipo? Sheria inasema ukimwona mwenzako majini usimame, lakini ukisimama umekwisha, na mbele yake hapakuwa na mtu. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mbele yake palikuwa na maji matupu.

"Aliinua mkono," alisema. "Nikadhani ananiambia niende."

"Ulidhani?"

Alipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Nilitaka kudhani."

Shemeji yake alipomuuliza, alisema, aliona haya. Angesema kaka yuko majini, angeulizwa mbona hukusimama, na kikombe kingekwenda, na wangemcheka miaka mingine sita. Akasema neno la kupita mlangoni tu. Hakujua kama kuna mtu angelifanyia kazi. Hakujua habari za kibao mpaka dereva alipokamatwa, na hapo neno lilikuwa limeshakuwa kubwa, hakujua pa kulishika. Ile chupa ya maji aliitunga ili aonekane aliachana naye vizuri.

Inspekta alimwambia ainuke. Koplo hakumtia pingu. Alimshika tu kwenye kiwiko, kama mtu anavyomsaidia mfiwa, na wakaenda.

Simu ya kituoni ilipokelewa na mkubwa mwenyewe. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na mkubwa hakuyafurahia, lakini jina la dereva lilifutwa kwenye orodha ya kesho, na kabla ya saa saba alikuwa ameshatoka, amerudishiwa mkanda wake na viatu. Inspekta aliomba aambiwe neno moja: kwamba hakukosea. Alipoona bendera alirudi, kama inavyotakiwa.

Kilichobaki kilikuwa ni kuubandua utepe kwenye ujia. Koplo, aliyekuwa amerudi kutoka kumkabidhi mtu wake kwenye gari, alikuwa akiupiga picha ukuta kwa mara ya mwisho pale mjane alipotokea kwenye mlango wa upande wa pili. Katibu alinyanyuka kwenye kiti chake cha dirishani, akabaki amesimama.

Aliomba kitu kimoja. Koplo akasita, akasema kwa upole kwamba, samahani mama, hicho ni ushahidi.

"Umeshakipiga picha?" Inspekta aliuliza.

"Pande zote, afande."

"Umechukua ile nta?"

"Iko kwenye bahasha."

"Basi mpishe."

Koplo alijibana ukutani. Mjane alipita chini ya utepe, akakifikia kibao namba saba, na kwa dole gumba lilelile akakigeuza. Wekundu ukaja mbele. Alikinyoosha kisimame sawa na vingine, akarudi nyuma hatua moja kukitazama, kisha akaondoka kuelekea chumba chake cha kazi bila kumuaga mtu.

Katibu alivihesabu vibao kwa macho, kimoja kimoja, kama alivyofanya kila mashindano kwa miaka yote hiyo. Alipofika cha saba alisimama. Kisha akageuka, akaenda dirishani, na akaanza kuishusha bendera nyeupe iliyokuwa bado juu tangu Jumamosi.